Kiumbe wa Chuma na Haki ya Kugoma

Mwezi uliopita wanafunzi watatu walinijia ofisini wakiwa na ombi ambalo sikulitarajia. Wanatengeneza mchezo wa kompyuta wa dunia ya kubuni, yenye milima, falme na mazimwi, na maandishi yake yote yatakuwa ya Kiswahili. Katikati ya dunia hiyo yupo kiumbe wa chuma aliye hai, mrefu kuliko mnazi, anayelinda mlango wa mgodi wa kale. Walikwisha kumchora. Walikwisha kumpangia nguvu zake, kasi yake na idadi ya mapigo anayoweza kuyastahimili kabla ya kuanguka. Kilichowashinda ni sentensi moja tu: maneno yatakayotokea kwenye kioo pale mchezaji anapomshinda.

“Shikamoo, Dokta,” alianza msemaji wao. “Tumebishana wiki nzima. Mimi nasema iandikwe ‘Kimeharibika’. Mwenzangu huyu anataka ‘Amekufa’. Tumeona tuje kwako utuamulie.”

Wa tatu, binti ambaye baba yake hufua majiko na makarai kwa vyuma chakavu, alikaa kimya.

Nilidhani ni jambo la sarufi, la dakika tano. Tulikaa saa mbili. Nimeona niyaandike hapa yale tuliyoyazungumza, kwa kuwa yanawahusu hata wale ambao hawajawahi kugusa mchezo wa kompyuta maishani mwao. Hoja yangu ni hii: anayebuni kiumbe aliye hai anaandika katiba ndogo. Anaamua nani ni mtu na nani ni kitu, nani anaweza kumilikiwa, na nani ana haki ya kusema hapana. Katiba ya namna hiyo ikiandikwa bila kufikiri, hunakiliwa kutoka kwa wengine pamoja na dhambi zake zote.

Nianze na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyowaleta. Mwandishi wa Kiingereza anayo njia ya kukwepa: anakiita kiumbe chake kwa kiwakilishi kile kile anachokitumia kwa mbwa, kwa mvua na kwa meza, kisha anaendelea na safari. Kiswahili hakina huruma hiyo. Chuma kimo katika ngeli ya KI-VI: chuma kimepinda, chuma kimeshika kutu. Neno kiumbe lina umbo hilo hilo, lakini kwa kuwa linataja mwenye uhai, upatanisho wake hupanda daraja: kiumbe amelala, viumbe wameamka. Ndivyo ilivyo kwa kijana, kiongozi na kipofu. Hata kijakazi, neno linalomdunisha mtumwa wa kike kwa kiambishi cha udogo, katika matumizi ya kawaida lilibaki na upatanisho wa mtu: kijakazi amechoka. Bwana alimnunua sokoni, lakini kila alipomtaja, ulimi wake ulitoa ushahidi kwamba aliyenunuliwa ni mtu.

Kwa hiyo chuma kinapopewa uhai, msemaji wa Kiswahili analazimika kuvuka mstari mbele ya watu. Hawezi kumaliza sentensi ya kwanza kabla hajatoa hukumu. Ugomvi wa wanafunzi wangu ulikuwa wa kifalsafa, ila wao waliudhania kuwa wa tahajia.

Sasa tutazame katiba waliyoinakili. Simulizi za viumbe wa chuma zilizoenea duniani leo zina ukoo unaojulikana. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Talos, jitu la shaba lililotengenezwa na Hephaestus, mungu wa wahunzi, ambalo liliizunguka Krete mara tatu kila siku na kuzipiga mawe meli za wageni. Lilikuwa na mshipa mmoja tu wa uhai, uliozibwa kwenye kifundo cha mguu. Kizibo kilipoondolewa kwa hila za Medea, uhai wake ukamwagika. Karne nyingi baadaye, mwaka 1920, Karel Čapek wa Chekoslovakia alichapisha tamthilia yake R.U.R., na ndimo dunia ilimopata neno roboti. Neno hilo limetokana na robota, ambalo kwa Kicheki lilimaanisha kazi ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana wa ardhi. Wazee wetu wana neno la jambo hilo: shokoa. Roboti, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa shokoa. Roboti wa Čapek hawakuwa hata wa chuma. Waliundwa kwa kitu kinachofanana na nyama. Chuma waliongezewa na waliokuja baada yake, pengine kwa sababu ni rahisi zaidi kumtumikisha mwenye ngozi isiyofanana na yako.

Mwaka 1974 ulichapishwa Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huchukua nafsi za wahusika na kusafiri kwa maneno na dadu ndani ya dunia ya kubuni. Michezo mingi ya kompyuta ya aina hii ni watoto au wajukuu wake. Humo yumo golemu wa chuma: hana akili yake mwenyewe, humtii aliyemuunda, na moto humponya badala ya kumuunguza. Nilipowauliza wanafunzi wangu kiumbe wao hupona vipi, walijibu bila kusita: kwa moto. Wao hawajawahi kuufungua mchezo huo wa mezani. Walirithi sheria zake kwa njia ya michezo mingine, kama mtu arithivyo lafudhi.

Lakini katika ukoo huo huo wapo waliouliza swali zito zaidi. Mwaka 2002 wamiliki wa mchezo huo waliitisha shindano la kubuni dunia mpya, na mshindi akawa Keith Baker, ambaye dunia yake, Eberron, ilichapishwa mwaka 2004. Humo mna viumbe waitwao warforged, yaani waliofuliwa kwa ajili ya vita. Miili yao ni ya chuma, mawe na nyuzi za mti. Hawali, hawalali, hawapumui. Walitengenezwa viwandani kama silaha katika vita vilivyodumu takriban karne moja. Vita vilipokwisha, mkataba wa amani uliwatangaza kuwa watu huru, na ukapiga marufuku kutengenezwa kwa wengine. Katika kanuni za mwaka 2004 kuna jambo dogo lililonigusa: uganga unaowaponya binadamu humponya kiumbe huyu kwa nusu tu, na nusu nyingine inamtaka fundi. Yumo nusu hospitalini, nusu karakana. Tena, licha ya mkataba, wengi wao bado wanafanya kazi ngumu chini ya mabwana waliokuwa nao zamani, kwa kuwa karatasi iliwapa uhuru bila kuwapa mahali pa kwenda.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda Eberron kulielewa hilo. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake mbele ya mahakama. Fidia iliwekwa kwa ajili ya bwana. Na aliyepata uhuru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Tulikuwa na waliofuliwa kwa ajili ya mikarafuu karne moja kabla Marekani haijabuni waliofuliwa kwa ajili ya vita.

Nadhani Baker alifika mbali. Hata hivyo kiumbe wake bado ni mtumwa aliyeachiwa: mwanzo wake ni kiwanda, na swali lake la kwanza ni nani alikuwa akimmiliki. Niliwauliza wanafunzi wangu kama ni lazima chuma kilicho hai kianzie utumwani. Hapo ndipo tulipogeukia matanuri ya huku kwetu.

Katika mkoa wa Kagera yamechimbuliwa mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya kale sana, yanayokaribia miaka 2,000. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ufundi huo, baada ya wazee wa Kihaya kujenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele yao. Wazee hao walikuwa wameiacha kazi hiyo miaka mingi, kwa kuwa chuma cha kigeni kilikuwa rahisi. Mikono yao ilikuwa haijasahau. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa hadi ndani ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kuufikia moto, na kilichopatikana kilikuwa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua.

Hata hivyo, kilichowafanya wanafunzi wangu waweke kalamu chini ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, tanuri lilikuwa mwanamke. Kwa Washona matanuri yalifinyangiwa matiti. Ufipa tanuri jipya liliandaliwa kama bibi harusi. Wafua chuma walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa kuwa wakati huo walihesabiwa kuwa na mke mwingine, mwenye mimba. Chuma kilichotoka kilikuwa kimezaliwa. Hata lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya mwili: takataka zinazobaki baada ya chuma kuyeyushwa tunaziita mavi ya chuma.

Sitaki kuupamba urithi huu kupita kiasi. Mara nyingi wanawake wenyewe walifukuzwa karibu na tanuri hilo lililoitwa mwanamke, na waliokuwa katika hedhi walihesabiwa kuwa hatari kwa kazi. Wanaume walikopa uzazi kisha wakamfungia mlango mwenye nao. Hiyo nayo ni katiba yenye dhambi. Lakini inatupa mwanzo ambao Talos na roboti hawakuwa nao: kiumbe wa chuma aliye mtoto. Mtumwa huulizwa ni wa nani, na jibu ni mtu mmoja. Mtoto naye huulizwa ni wa nani, na jibu ni ukoo mzima, pamoja na wajibu wa kumlea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa msingi huo niliwapa maswali matatu ya kumjenga upya kiumbe wao, na ninayatoa hapa kwa yeyote mwenye kazi kama yao.

Swali la kwanza: nani kamzaa? Hakuna chuma cha mtu mmoja. Yuko aliyechimba mtapo, yuko aliyekata miti na kuchoma makaa, wako waliovuta mivukuto usiku kucha, yuko mhunzi aliyepiga nyundo. Katika mchezo wa kawaida anatajwa mchawi mmoja aliyemuunda kiumbe, na wengine wote wamefutwa. Niliwashauri wawarudishe. Mchezaji akifika mgodini, akutane na mchoma makaa mzee anayemwambia: “Huyo unayetaka kumpiga ni mwanangu pia, na wakati wa kugawana sifa hakuna aliyeniita.” Hapo mchezo unapata siasa yake bila kuhubiri.

Swali la pili: anakula nini, na nini kinamla? Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma, sehemu kubwa ikiwa ndani ya damu, na ni chuma hicho kinachoishika oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini. Kutu nayo ni chuma kilichokutana na oksijeni penye unyevu. Kwa hiyo hewa inayotupa sisi pumzi ndiyo inayomtafuna yeye. Kiumbe wa chuma anaogopa masika kama sisi tunavyoogopa ukame. Tena anahitaji makaa. Tanuri la kale lilitumia makaa yenye uzito mara kadhaa wa uzito wa chuma kilichopatikana, na makaa ni msitu. Mchezaji anayemlisha kiumbe wake na auone msitu ukirudi nyuma siku hata siku, na kijiji kilicho chini ya mlima kikianza kulalamika kuhusu mto. Uhai usio na gharama si uhai. Ni tangazo la biashara.

Swali la tatu ndilo lililokuwa gumu: je, anaweza kugoma?

Tulipofika hapo yule binti aliyekuwa kimya alizungumza. “Dokta, baba akipiga bati likapasuka, hasemi bati bovu. Husema, leo limekataa. Analiweka pembeni, analirudia kesho.” Wenzake walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu sote tunasema hivyo. Gari limegoma. Pampu imegoma. Mashine ya kusaga imegoma tangu jana. Msemaji wa Kiswahili anapokutana na chuma kisichotaka kufanya kazi, hukopa neno la wafanyakazi. Ni neno lenye historia: Mombasa iligoma Januari 1947, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma mwaka huo huo, na Zanzibar ikafuata mwaka 1948. Makuli waliokuwa wakihesabiwa pamoja na vifaa vya bandari walithibitisha kwa kukaa chini kwamba hawakuwa vifaa.

Basi hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza. Kiumbe asiyeweza kukataa ni chombo, hata akipewa macho yanayong’aa na sauti ya kutetemesha ardhi. Na kukataa kwake kusiwe kwa bahati nasibu, kana kwamba kompyuta imerusha dadu. Kuwe na sababu ambayo mchezaji anaweza kuijua: aliahidiwa mafuta ya kujipaka kabla ya mvua na hakupewa, ameamriwa awapige waliomchomea makaa, amechoka. Mchezaji asipojua kusikiliza, ashindwe. Akijua kusikiliza, afunguliwe mlango ambao upanga haukuweza kuufungua.

Msemaji wao alinipinga, na pingamizi lake lina uzito. “Mchezaji akirudi nyumbani jioni amechoka, Dokta. Anataka kubonyeza kitufe na kitu kitii. Mgomo ameuacha kazini.” Ninamwelewa. Lakini mtumishi asiyekataa kamwe huzoeleka kama nyundo, na hakuna anayeikumbuka nyundo baada ya kumaliza kazi. Wachezaji huwakumbuka wahusika waliowahi kuwashangaza. Isitoshe, saa ambazo kijana anazitumia kila jioni akiamuru na kutiiwa ni malezi pia, hata kama hazina cheti.

Ninalitarajia pingamizi la pili kutoka kwa wanaharakati wanaosoma ukurasa huu: mhadhiri amekosa la kufanya, anapigania haki za chuma cha kufikirika wakati watu halisi wanafukiwa na vifusi machimboni. Pingamizi hili ninaliheshimu zaidi, na jibu langu ni kwamba jambo ni lile lile. Kiumbe huyu wa kufikirika ataishi ndani ya simu. Betri ya simu nyingi ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Katanga ya zamani, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili. Ndani ya simu hiyo hiyo mna tantali, inayotokana na koltani, na sehemu ya koltani hiyo huchimbwa kwa mikono Kivu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Mchezo wa Kiswahili utachezwa juu ya metali zilizochimbwa kwa Kiswahili. Mchezo unaoanza na jitu la chuma lisilo na wazazi unamfundisha mchezaji kwamba metali hujitokea tu. Ukianza na swali la nani kamzaa, umempa njia ya kuuliza swali hilo hilo kuhusu simu iliyo mkononi mwake.

Na kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina neno moja. Kiswahili hiki kinachoweza kukipandisha chuma hadi kikawa yeye, tumekitumia pia kumshusha mtu. Tunaandika rasilimali watu. Tunaandika nguvukazi, kisha tunasema itapunguzwa, itahamishwa, itatumika. Msemaji wa wanafunzi wangu alitaka kuandika “Kimeharibika” juu ya aliye hai, nasi tukashtuka. Katika mafaili yetu sentensi hiyo huandikwa kila siku kuhusu watu wenye majina, na hakuna anayeshtuka.

Wanafunzi walirejea juma lililopita. Hawajakubaliana bado, na nimefurahi kwamba hawajakubaliana. Kwa sasa mchezo wao una sentensi mbili. Mchezaji akimwangusha kiumbe bila kuzungumza naye hata mara moja, kioo kinaandika “Kimeharibika”, na mlango wa mgodi unabaki umefungwa. Akikaa naye, akamsikiliza, kisha mvua za masika zikamshinda yule mlinzi, kioo kinaandika “Amekufa”, na mchoma makaa anakuja kumzika. Sentensi ya tatu iliandikwa na binti wa mfua majiko, na bado wanaijadili. Itatokea pale mchezaji anapotoa amri ya kwanza. Ina neno moja: “Amekataa.”

Naomba kuwasilisha.